1HZ inachoka ikivuka 100, nianzie wapi?

mzee_wa_dizeli
Wakuu habari zenu. Nina Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ile silinda sita ya cc 4,164 isiyo na turbo (feni ya kusukumia hewa kwenye injini). Mpaka 90 inatembea fresh tu, shida ni barabara ndefu, ikivuka 100 injini inapiga kelele balaa, nimekanyaga mafuta mpaka mwisho na mwendo hauongezeki, nikikuta kamlima kidogo lazima nirudishe gia na nyuma moshi mweusi umetanda. Fundi mmoja anasema tuongeze mafuta kwenye pampu, mwingine anasema funga turbo. Kubadili injini sitaki, hii naipenda. Nianzie wapi?

nozo_safi
Mkuu mafuta usiongeze. Moshi mweusi maana yake tayari kuna mafuta yanakosa hewa, ukiongeza unapata moshi na joto, nguvu hupati. Kwanza pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) silinda zote, nozo zinazopuliza dizeli zikapimwe kwenye mashine uone zinapuliza ukungu au zinatiririsha, valvu zisetiwe, ea klina na filta ya dizeli weka mpya. Halafu taimingi, yaani muda wa pampu kumwaga mafuta, hapa ndo wengi wanaparuka. Dizeli inataka muda kuwaka, mizunguko ikipanda muda unapungua, so pampu inabidi iwahi kumwaga mafuta. Kwenye pampu ya rotari kama yako kazi hiyo inafanywa na kipistoni kidogo kinachosukumwa na presha ya mafuta ya humohumo ndani ya pampu, kikikwama au presha ikishuka kwa uchakavu, injini inavuta vizuri chini afu juu inakufa. Na taimingi isetiwe kwa dayo geji (kipimo cha mshale), siyo kwa sikio.

difu_ndefu
Naongezea. Upepo nao mnausahau, kutoka 100 kwenda 120 nguvu ya kuushinda inapanda kwa zaidi ya asilimia 70, na 1HZ ikiwa nzima kabisa ina kama hosipawa 130 tu, tena hata ikiwa mpya toka kiwandani. Ukiwa na keria juu, shusha kwanza. Kelele zinapungua kwa difu (gia za kwenye ekseli): ukitoa ya 4.1, yaani shafti inazunguka mara 4.1 tairi likizunguka mara moja, ukaweka 3.7 mizunguko ya injini inashuka karibu asilimia 10, ila mlimani utarudisha gia mapema zaidi. Badilisha ya mbele NA ya nyuma, ukibadili moja siku ukiingiza foo wili kwenye lami unavunja vitu. Spidomita nayo itasoma pungufu.

nozo_safi
Kweli kabisa, ila difu iwe baada ya injini kupona.

pistoni4
Turbo inafaa ila kwa adabu. 1HZ inawashia kwenye chemba ndogo ya hedi na kompresheni yake ni zaidi ya 22 kwa 1, haikutengenezewa presha kubwa. Presha ya turbo isizidi 0.5 bar, weka intakula (kipoza hewa ya turbo), ekzosi pana, rejeta iwe safi. Na geji ya joto la ekzosi ni LAZIMA, sensa ikae kabla ya turbo, joto likikaa juu ya nyuzi 650 za Selsiasi mlima mrefu achia mafuta, usisubiri tempricha ya maji maana yenyewe inachelewa sana, ikipanda huenda hedi imeshapata ufa.

mzee_wa_dizeli
Nashukuru sana wakuu. Keria naitoa leo, pampu na nozo zinaenda kupimwa kwanza. @pistoni4 nisipofunga turbo, hiyo geji ya joto bado ina faida?

pistoni4
Ndiyo, tena ifunge kabla hujagusa pampu, ujue joto la sasa hivi ni ngapi ili ulinganishe baadaye.