Mpigo wa kapasita: LTspice inasema ampea 800, osiloskopu inasema 340

Flaiwili_Wete
Assalaam alaikum ndugu zangu. Mie natengeneza mashine za boti hapa Wete. Flaiwili (gurudumu la injini lenye sumaku za kutolea cheche) nyingi zinazonijia sumaku zake zimechoka, cheche haitoki, na mvuvi huambiwa anunue flaiwili nzima. Bei hiyo yaniuma mno. Nataka kuzirudishia nguvu kwa mpigo wa kapasita kupitia koili.

Kabla ya koili naanza na mzigo mdogo: kapasita ya maikrofaradi 100 niliyoitoa kwenye inveta kuukuu, volti 400, thairista (swichi ya kielektroniki), resista ya omu 0.5. Nyaya ni mita moja kwenda, moja kurudi. LTspice, ile programu ya kuigiza saketi kwenye kompyuta, yanipa ampea 800. Shanti (resista ndogo ya kupimia mkondo) ya omu 0.01, nikiitazama kwa osiloskopu, yanipa kama 340, na mwanzoni pana mwiba unaofika volti 4 ambao kwenye modeli haupo. Nianze kutazama wapi?

Fundi_Fuoni
Waalaikumu ssalaam kaka. Anza na kapasita. Ukiichora tupu, LTspice huihesabu haina ukinzani wa ndani hata chembe. Hizi za elektroliti zinao, na zikizeeka dawa ya ndani hukauka, unazidi. Gawa 400 kwa 340 uone: mzunguko wako una omu 1.2 hivi, si 0.5.

Nyaya nazo zitie kwenye modeli, maana waya hupinga mkondo kubadilika ghafla (hiyo ndiyo L, hupimwa kwa henri). Mita moja ya waya ni takriban maikrohenri moja, kwa hiyo weka 2. Hapo ndipo mwiba unapotoka: volti 400 juu ya maikrohenri 2 ni ampea 200 kila maikrosekunde, na shanti yenye nanohenri 20 tu itaonyesha volti 4. Huo si mkondo. Sokota nyaya za kupimia pamoja, uzishike kwenye mwili wa shanti wenyewe.

Mwalimu_ChakeChake
Kaka, usipime ukinzani huo kwa volti 400. Chaji 40 tu, tazama miguu ya kapasita thairista inapofunguka. Umbo la mpigo ni lile lile, na mkono wako uko salama.

Na koili ikija, hesabu mapema. Ikiwa maikrohenri 100, mpaka wa mkondo kuyumba kwenda na kurudi ni omu 2 (mara mbili ya kipeuo cha pili cha L ya koili kugawa kwa C ya kapasita). Wewe una 1.2, kwa hiyo mkondo utataka kuyumba: thairista itauzuia usirudi, lakini kapasita itabaki na chaji ya kinyume, na ya elektroliti haistahimili. Funga dayodi sambamba na koili.

Flaiwili_Wete
Ahsante sana mwalimu, na wewe fundi. Kwa chaji ya volti 40, volti za miguu ya kapasita zilishuka ghafla hadi 18 na kitu. Nimetia omu 0.6 kwenye kapasita na maikrohenri 2 za nyaya. Modeli sasa yatoa ampea 341. Mwiba umepungua sana baada ya kusokota nyaya. Dayodi naitafuta Darajani wiki hii, jamaa anavuka.

Fundi_Fuoni
Mwambie akuchukulie na resista ya kilo-omu 100, wati 3. Ifunge moja kwa moja kwenye miguu ya kapasita, isitoke. Baada ya dakika moja volti 400 zitakuwa zimebaki moja, na hata hivyo pima kwanza ndipo uguse. Joule 8 ni nyingi, na ukiongeza kapasita kwa ajili ya sumaku zitazidi.