Mjadala: Minara ya kale ya taa izimwe au iendelee kuongoza meli?

Wadau, kuna hoja haiishi: meli zote sasa zina GPS, kwa nini serikali ziendelee kuwasha minara ya karne zilizopita? Wenye hoja hii wanasema taa zizimwe, minara waachiwe watalii. Mimi napinga, na mfano wangu ni Cordouan.

Mnara huo uko Ufaransa, baharini kabisa, kwenye mdomo wa mto Gironde ambako mafungu ya mchanga huhamahama. Ulikamilika mwaka 1611, ukiwa na kanisa dogo na chumba cha mfalme ndani (utadhani wajenzi walisahau kwamba ni taa). Mwaka 1823 ndipo lenzi ya mwanafizikia Mfaransa Augustin Fresnel (kioo kinachokusanya mwanga na kuurusha mbali) ilipofungwa humo kwa mara ya kwanza. Tangu 2021 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na usiku bado unawaka.

Taa yake imegawanywa: kuna upande mweupe, mwekundu na wa kijani. Rangi unayoiona inategemea mahali chombo chako kilipo. Ikibadilika, nahodha anajua amevuka mpaka wa eneo la rangi moja na kuingia jingine, hata kama vifaa vyote vimezima.

Na vifaa hudanganywa. Mawimbi ya GPS hufika duniani yakiwa dhaifu sana, kuyavuruga si kazi. Juni 2017, katika Bahari Nyeusi, meli zipatazo 20 zilionyeshwa na vifaa vyake kuwa ziko uwanja wa ndege wa Gelendzhik, nchi kavu!

Mtasema kuna rada na maboya yenye taa. Rada, sawa, hiyo ni hoja nzito. Lakini boya hukatika minyororo dhoruba ikichachamaa, na mvuvi mwenye mashua ndogo hana rada.

Gharama? Taa yenyewe siku hizi haili umeme mwingi. Kinachokula fedha ni kuta zinazopigwa na mawimbi mwaka mzima, na hizo naona zilipiwe na mfuko wa urithi, si wa usafiri wa bahari.

Panaponitatiza ni kwenye ada. Uingereza, meli za biashara hulipia taa zikiingia bandarini, huku boti ndogo za starehe zikipita bure, nazo ndizo huzitazama taa hizo zaidi. Zianze kulipa? Nyie mnaonaje?