Je, saa ya Indianapolis inastahili kuamua thamani ya mchezaji wa chuo?

Mzee wa Columbus
Waheshimiwa, drafti ya NFL inakaribia, pale timu za ligi ya mpira wa Marekani (American football) zinapochagua wachezaji wa vyuoni kwa zamu, na kama ilivyo desturi watu wameacha kuzungumzia mpira, wanazungumzia sekunde. Vijana zaidi ya 300 wa vyuoni huitwa Indianapolis, wakabaki na kaptura, wakapimwa urefu, uzito, kiganja na mbio za yadi 40, kisha maskauti waliowatazama uwanjani kwa miaka mitatu hubadili maoni yao kwa sababu ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mimi nasema mechi zinatosha. Tom Brady, kwotabeki (mchezaji anayerusha pasi na kuongoza mashambulizi), alikimbia yadi hizo kwa sekunde 5.28 mwaka 2000, akasubiri mpaka chaguo la 199, na alipostaafu alikuwa ametwaa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, mara saba. John Ross alikimbia kwa 4.21 mwaka 2017, Cincinnati wakamchukua wa tisa, na aliyefuata, wa kumi, akawa Patrick Mahomes, kwotabeki aliyekuja kuwa nyota. Naomba mtu anieleze faida ya saa hiyo, maana kwa macho yangu pale ni mnada wa Pugu mtupu, isipokuwa ng'ombe wa Pugu hahojiwi.

Kipimo Sahihi
Shikamoo mzee wangu. Ross alikimbia kwa 4.22, rekodi ya 4.21 ni ya Xavier Worthy, mwaka 2024. Anayeishtaki saa angeanza kwa kuisoma vizuri. Tena Cincinnati walikuwa na Andy Dalton kama kwotabeki wao, kwa hiyo kumleta Mahomes hapa ni kuipamba hoja tu. Ross aliangushwa na majeraha kuliko alivyosalitiwa na miguu yake, ingawa nakubali kwamba msimu wa kwanza hakudaka hata pasi moja.

Jambo kubwa ni kwamba mechi za chuo nazo hudanganya. Mpokeaji pasi anapowaacha mabeki wa chuo kidogo kwa hatua mbili, huenda yeye ana kasi au huenda wale mabeki ni wazito, na mkanda wa mechi hauwezi kukutenganishia mambo hayo mawili. Kwotabeki Josh Allen wa chuo cha Wyoming alikamilisha takribani asilimia 56 tu ya pasi zake, na wengi waliotegemea takwimu na mikanda wakamkataa. Buffalo waliangalia umbo lake na nguvu za mkono wake, wakamchukua wa saba mwaka 2018, na leo hakuna anayewacheka.

Binti Unguja
Mimi ninarudi kwenye neno ambalo ndugu Kipimo amelipita kama hakulisoma. Nimekulia mwendo mfupi kutoka Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873 na kanisa likajengwa mahali pake, na kwetu neno mnada halitumiwi kwa mzaha linapohusu miili ya watu. Wachezaji wengi wa ligi hiyo ni weusi, wamiliki wa timu karibu wote ni wazungu, na kijana anasimama nusu uchi mbele ya chumba kizima huku mtu akisoma uzito wake kwa sauti. Mzee, ama ulikusudia kusema hivyo na uendelee mpaka mwisho wa hoja, ama hukukusudia na uliondoe neno lako.

Mzee wa Columbus
Binti yangu, nilisema ng'ombe, sikusema watu. Pugu ni mnada halali wa mifugo.

Binti Unguja
Basi umewaita vijana wa watu ng'ombe, na unaona hapo umejisafisha.

Mpita Njia
Samahani kwa kuingilia. Kwotabeki Joe Burrow alipimwa kiganja kikaonekana kidogo, inchi 9, na hata hivyo alichukuliwa wa kwanza mwaka 2020. Nimepima changu, nimepata inchi 9 na robo. Ninasubiri simu.

Mtoro wa Darasa
Dada Binti Unguja, ninaheshimu historia ya Mkunazini, lakini mtumwa hakujaza fomu ya kuomba kuuzwa. Hawa wanakwenda kwa hiari na mawakala wao, tena wengine hulia wasipoalikwa. Aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2025, Cam Ward, alitia saini mkataba wa zaidi ya dola milioni 40. Mnada gani huo ambao bidhaa ndiyo inayoondoka na fedha?

Binti Unguja
Fedha anapata, lakini nani alimchagulia mwajiri? Ukichaguliwa na timu kwenye drafti, huwezi kwenda kwingine isipokuwa uuzwe, au uwe na ubavu wa Eli Manning, ambaye mwaka 2004 aliikataa San Diego mapema na akahamishiwa New York siku ileile. Bo Jackson alipoikataa Tampa Bay mwaka 1986 ilimbidi aende kucheza besiboli. Hao wawili walikuwa na pa kukimbilia. Kijana anayechaguliwa raundi ya sita, karibu na mwisho, hana.

Na mahojiano yenyewe! Mwaka 2010 kiongozi mmoja wa timu ya Miami alimuuliza Dez Bryant kama mama yake alikuwa kahaba, na habari ilipotoka ilimlazimu kuomba radhi hadharani. Swali hilo linapima kasi gani? Mwaka 2023 matokeo ya mtihani wa akili wa C.J. Stroud yalivujishwa, yakasemwa ni duni, na watu waliokuwa wakimsifu wakaanza kunong'ona. Msimu huohuo akawa mchezaji mpya bora wa upande wa mashambulizi. Aliyeathirika na uvujaji ule ni kijana, wala hakuna aliyewajibishwa.

Kipimo Sahihi
Kuhusu maswali ya aibu sina ubishi nawe, na yafutwe. Hata hivyo, ninaomba tutazame upendeleo unaingilia wapi. Kwotabeki Lamar Jackson alitoka chuo cha Louisville akiwa ameshatwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Mechi zake zilikuwa wazi kwa kila mtu, na bado kulikuwa na wataalamu wenye majina makubwa, watu waliotazama mikanda maisha yao yote, waliosema aache ukwotabeki akawe mpokeaji pasi. Yeye hata mbio za yadi 40 hakuzikimbia kule Indianapolis. Akashuka mpaka chaguo la 32 mwaka 2018, na mwaka uliofuata akachaguliwa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote. Saa haikumdhulumu kijana huyo kwa sababu haikumpima. Waliomdhulumu ni watazamaji, wenye jicho lililozoea kwotabeki wa sura fulani. Warren Moon kabla yake hakuchaguliwa kabisa mwaka 1978, akaenda Kanada kutwaa vikombe vitano ndipo NFL ikamfungulia mlango. Mkiiondoa saa mnabaki na jicho peke yake, na jicho ndilo lenye rangi.

Mzee wa Columbus
Kwa hiyo mimi nina ubaguzi? Nimetazama mechi za chuo cha Ohio State kwa miaka 22, mvua na theluji, nikiwa na kazi ya usiku, na sijawahi kumhukumu kijana kwa rangi yake. Ulipokuja kunisalimu shikamoo nilidhani una adabu.

Kipimo Sahihi
Sikukutaja, mzee. Nilitaja wataalamu.

Mzee wa Columbus
Ulisema "watu waliotazama mikanda maisha yao yote." Hapa nani mwingine ametazama mikanda maisha yake yote?

Mtoro wa Darasa
Hapo mzee ana haki. Hata mimi nilidhani ni yeye.

Kijana wa Nakuru
Wakubwa wangu, mimi nina swali ambalo halijaguswa. Mkanda wa mechi anao nani? Anao aliyezaliwa Texas au Florida, akacheza tangu utotoni. Ezekiel Ansah alikwenda chuo cha BYU kutoka Ghana, akaanza kuucheza mpira huu mwaka 2010, na mwaka 2013 Detroit wakamchukua wa tano. Mechi alizoanza chuoni zilikuwa za kuhesabika. Kilichowashawishi ni mwili ule na jinsi ulivyokwenda ulipopimwa. Jordan Mailata wa Australia hakuwa amecheza hata mechi moja ya mpira huu, alikuwa mchezaji wa raga. Philadelphia walimchukua raundi ya saba mwaka 2018, chaguo la 233, wakamfundisha kumlinda kwotabeki, naye akawa miongoni mwa walioshinda Super Bowl ya Februari 2025 dhidi ya Mahomes na huyo Worthy mwenye rekodi.

Kwetu pia yupo Daniel Adongo, mwana raga wa Kenya ambaye Indianapolis Colts walimsajili mwaka 2013 bila drafti na bila mechi hata moja ya mpira huu ya kumtazama. Hakudumu, hilo nalijua. Lakini NFL ilipoleta kambi yake Nairobi mwaka 2023, vijana waliojitokeza hawakuwa na mikanda, walikuwa na miguu na vifua. Mkiamua kwamba vipimo ni upuuzi kwa sababu Brady alikuwa mzito, mlango uliobaki kwetu mnaufunga nyinyi mlioko huko ndani.

Binti Unguja
Ndugu wa Nakuru, hoja yako nimeielewa na imenigusa. Ila fikiria jinsi inavyosikika kutoka pwani: kwamba mlango pekee wa Mwafrika ni kifua chake. Ninataka apimwe akiwa amevaa nguo, na asiulizwe habari za mama yake. Je, saa hiyo haiwezi kufanya kazi bila mambo hayo?

Kijana wa Nakuru
Inaweza, dada. Kwa sharti hilo sina pingamizi.

Mpita Njia
Simu bado haijalia.

Mzee wa Columbus
Kipimo Sahihi hajaniomba radhi, na mimi nasubiri. Kijana wa Nakuru, wewe una heshima. Hebu niambie, huyo Adongo wetu alikimbia yadi 40 kwa sekunde ngapi?