Mpishi wangu anatumia ARV: nilistahili kuambiwa au sikustahili?

Mwenye Mgahawa
Wadau, naomba mawazo bila matusi. Nina mgahawa hapa Dodoma mjini. Juzi mpishi wangu anavua aproni, kikadondoka kifuko cha nailoni chenye vidonge. Sikumuuliza, akasema mwenyewe: ni ARV, anazitumia muda mrefu tu. Kazi yake sina neno, pilau lake ndilo linaloniletea watu wa wizarani mchana. Ila mimi mwenye biashara sikustahili kuambiwa tangu siku ya kwanza? Wateja wakijua wakahama, hasara ya nani?

Wakili wa Vumbini
Hukustahili. Sheria ya VVU na Ukimwi ya 2008 haikupi mamlaka ya kumlazimisha mtu apime. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, imeitaja VVU waziwazi kati ya mambo ambayo huruhusiwi kumbagulia mfanyakazi. Ukimfukuza, ana siku 30 za kukupeleka CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Huko utaeleza vizuri habari za wateja.

Kijana wa Majengo
Sheria nzuri kwa mtu anayekula kwake. Huyo mpishi akijikata kidole kwenye kachumbari je? Na mbona bwana afya huwa anadai wapishi wote wapimwe?

Nesi Mstaafu
Mwanangu, bwana afya anatafuta yanayopita kwenye chakula: taifodi, kuhara, minyoo. VVU haipiti huko. Mpishi akijikata, kachumbari inamwagwa, awe na virusi au hana. Au wewe ukiambiwa mpishi ni mzima, damu yake unakula? Halafu mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo, hata mwenza wake kitandani hamwambukizi. Sasa kachumbari!

Kijana wa Majengo
Hayo ya "hamwambukizi" ni ya wazungu wenye dawa zao, Mama. Si ndio hao Marekani Januari 2025 wakafunga bomba la misaada dunia nzima? Halafu tuambiane ukweli, huu ugonjwa hapa kwetu haukuwa hivi. Umejaa tangu walipohamia hawa wa Dar na wizara zao.

Mhamiaji
Nilikuwa nasoma kimya, ila hili halimezeki. Sisi tumekuja na barua za uhamisho, hatukuja na ugonjwa kwenye begi. Malori ya mahindi yamelala Kibaigwa miaka na miaka, na baa za barabara kuu hatukuzifungua sisi. Vumbi lenu tumevumilia, maji ya chumvi tumevumilia, sasa hadi ukimwi ni wetu?

Kijana wa Majengo
Maji ya chumvi? Treni ya SGR ipo, panda urudi Dar. Chumba cha Nkuhungu tulichokuwa tunapanga kwa hela ya mboga leo kinaulizwa bei ya Sinza, halafu unalalamikia maji.

Mhamiaji
Bei kapandisha mjomba wako mwenye nyumba. Mimi nalipa tu.

Bibi wa Chamwino
Hebu tulieni, wajukuu zangu. Makao makuu kuja Dodoma iliamuliwa 1973, TANU ipo hai. Kama ni lawama, anzeni na Nyerere. Na wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchi hii walionekana Kagera mwaka 1983. Kwa hesabu ya huyu kijana, Bukoba nako walihamiwa na wizara gani?

Mtu wa Ilazo
😂😂 Bibi kamaliza. Tukiwa hapohapo, kuna anayejua chumba na sebule Ilazo, umeme wa kujitegemea?

Sitaji Jina
Mnapigania vyumba, na anayejadiliwa hapa ni mimi. Si mpishi, ni dereva wa lori, Dodoma kwenda Singida na kuendelea. Nilianzishiwa dawa enzi zile za kusubiri CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, zishuke kwanza. Vidonge vya wakati ule vilikuwa vinanipa kizunguzungu na ndoto za ajabu usiku, asubuhi nashika usukani macho mekundu, tingo anadhani nimelewa. Sasa hivi nameza kidonge kimoja usiku, basi. Kliniki naenda mara mbili kwa mwaka.

Mwenye Mgahawa, unajua kwa nini alikuwa na kifuko na si kopo? Kopo linagonga. Ukitembea linalia kwenye mfuko, na aliyewahi kuuguza mtu nyumbani anaujua mlio huo. Tunamimina, kopo linatupwa mbali na kwetu.

Na mimi niliwahi kumwambia bosi, kwa uaminifu kabisa. Hakunifukuza. Alininunulia kikombe changu, akakiwekea alama ya rangi. Yadi nzima ikajua kabla sijamaliza chai. Kwa bosi wa sasa, siku ya kliniki naomba ruhusa ya kwenda kwenye kesi ya shamba Mpwapwa.

Mhamiaji
Pole sana kaka. Ila hiyo kesi haiishi tu?

Sitaji Jina
Hakimu anaahirisha kila miezi sita.

Mfanyabiashara Kongwa
Tusipambe. Hiyo sheria ya 2008 mnayoishangilia inamfunga jela anayeficha.

Wakili wa Vumbini
Inamfunga anayeambukiza kwa makusudi, miaka 5 hadi 10. Kupika pilau hakumo. Na wa kuambiwa sheria imewataja: mwenzi wako wa ndoa, au unayelala naye. Mwenye mgahawa hayumo kwenye orodha, isipokuwa kama kuna jambo ndugu yetu hajatusimulia.

Mwenye Mgahawa
Wakili, nina mke, nina watoto, na nina heshima zangu. Nilikuja kuomba ushauri, sikuja kuvuliwa nguo. Na kwa taarifa yenu sikumfukuza. Nimemhamishia kaunta, apokee hela. Si kumbagua, nampunguzia moto na moshi.

Nesi Mstaafu
Aliomba?

Mwenye Mgahawa
Hakuomba. Ila mshahara ni uleule. Kilichotoka ni ile posho ya jikoni tu, maana hayupo jikoni.

Wakili wa Vumbini
Kwa hiyo kipato kimepungua, kwa sababu ya vidonge. Hifadhi hayo maneno yako, CMA wataomba uyarudie.

Sitaji Jina
Kikombe chenye alama hicho, umekiita kaunta. Pilau anapika nani sasa?

Mwenye Mgahawa
Mdogo wangu. Bado hajashika vipimo vya maji.

Mhamiaji
Ni pale karibu na geti la bluu? Jana nimekula uji wenye nyama.

Nesi Mstaafu
Mrudishe jikoni na posho yake, na umwombe radhi. Usimwite mbele ya wenzake.

Mwenye Mgahawa
Nimesikia, nitafikiria. Na wewe Wakili, ile kauli ya "jambo hajatusimulia" uifute. Mke wangu anasoma humu.