Kikundi cha Familia ya Mzee Kombo: Jumapili ya Rastro

Zuhura (Madrid): Shikamoo Mama, shikamoo Mjomba. Habari za jioni wote. Kaka ameniambia tiketi zinakatwa wiki ijayo, kwa hiyo leo nataka tukubaliane kuhusu Jumapili yenu ya kwanza huku. Mimi naomba iwe ya Rastro.

Mama: Marahaba mwanangu. Rastro ndiyo nini?

Zuhura: Gulio Mama. Kila Jumapili na sikukuu, saa tatu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Mitaa ya La Latina na Embajadores inafungwa, magari hayapiti, wafanyabiashara wanapanga meza karibu elfu moja. Nguo, mikoba, vyombo, fanicha za kale, vitasa vya milango, redio za zamani, mpaka mitumba.

Mama: Mitumba? Huko Ulaya?

Zuhura: Ipo. Ukienda uwanja wa General Vara del Rey utaikuta imemwagwa mezani rundo, watu wameinama wanachambua.

Mama: Basi hapo ndipo pangu.

Hamisi: Mimi nilishapanga Jumapili hiyo twende mji wa Toledo kwa treni. Masoko tunayo hapa Dar jamani. Mtu apande ndege akaangalie mitumba?

Mwanaidi: Baba Twaha, Toledo haihami. Ila hilo gulio likipita Jumapili, mpaka Jumapili nyingine.

Mama: Hamisi, nisikilize mwanangu. Nyie wote mmesomeshwa na meza ya Karume. Soko lilipoungua Januari 2022 nilifika pale nikasimama kwenye majivu, hata mahali meza yangu ilipokuwa sipajui. Tangu hapo nauza, lakini najiona kama napapasa tu. Nataka niwaone wenzangu wa mbali wanavyopanga mali, wanavyoongea na mteja, wanavyofunga mzigo wakimaliza. Makanisa na makasri mtanipigia picha.

Hamisi: Nimekuelewa Mama. Jumapili ni Rastro. Toledo tutakwenda Jumatatu.

Mjomba Athumani: Dada umenena. Wapwa wangu, marahaba. Zuhura, hapo sokoni kuna watu wa sarafu?

Zuhura: Mjomba, sarafu zina mahali pake. Plaza Mayor, Jumapili asubuhi, chini ya yale matao yanayozunguka uwanja. Wazee wanakaa na majalada yao ya stempu na sarafu, wengi wana kioo cha kukuzia mkononi. Kutoka hapo mpaka juu ya Rastro unatembea kwa miguu, si mbali.

Mjomba Athumani: Hapo umenipata kabisa. Mimi ninazo heller 20 za Tabora za mwaka 1916. Wakati ule wa vita meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, sarafu hazikuweza kuja kutoka Ujerumani, basi Wajerumani wakazigonga wenyewe palepale Tabora. Ukiziweka mezani utaona hazifanani, nyingine za shaba nyekundu, nyingine za njano, nyingine mwandiko umekaa upande. Nataka nimwonyeshe mtu anayezijua, anieleze ninazo za aina gani. Siuzi.

Twaha (simu ya mama): babu mjomba ile ya dhahabu yenye tembo unayo?

Mjomba Athumani: Ile ya rupia 15? Sina mjukuu wangu. Tukiiona huko tutaitazama wote kwa macho.

Zuhura: Twaha, na wewe una pako. Chini kabisa ya gulio kuna uwanja unaitwa Campillo del Mundo Nuevo. Jumapili watoto wanakutana pale kubadilishana kadi za wachezaji. Mtoto anashika orodha ya zinazompungukia, wanapekuliana mafungu, nipe huyu nikupe yule. Hata wazee wazima wapo wanatafuta za utotoni kwao. Njoo na zako zilizojirudia.

Twaha (simu ya mama): ninazo nyingi sanaaa

Mwanaidi: Umeshamnyima usingizi wifi. Sasa niambie jambo moja la maana, kutembea. Goti la Mama unalijua.

Zuhura: Hilo ndilo nililowazia zaidi wifi. Mtaa mkuu wa gulio, Ribera de Curtidores, ni mteremko mtupu. Ukianzia chini unapanda jua kichwani na mzigo mkononi. Sisi tutashuka Metro ya La Latina, laini ya 5, tuanzie juu Plaza de Cascorro, halafu tunateremka polepole. Tukifika chini kwenye kadi za Twaha, Metro ya Puerta de Toledo iko karibu, na ni laini hiyohiyo ya 5.

Mwanaidi: Goti la Mama linamsumbua zaidi akishuka, si akipanda. Ngazi za kwa daktari zilimtoa machozi kwenye kushuka.

Zuhura: Ahsante kwa kunishtua. Basi hatushuki mtaa wote kwa mkupuo. Vara del Rey ya Mama iko katikati ya mteremko, ukishuka iko kulia. Tunafika hapo mapema, Mama anakaa kwenye mitumba yake, mimi nabaki naye. Kaka na wifi mnakwenda kushoto mtaa wa San Cayetano, ule wa picha za kuchora, mnarudi. Kile kipande cha mwisho tunakimaliza kwa vituo, na fimbo ya kutembelea nitanunua huku. Wala asiitazame kwa aibu, huku wazee kwa vijana wanatembea nazo.

Mama: Fimbo nitashika. Aibu ya nini, na ninakwenda kwenye kazi.

Hamisi: Saa ngapi tutoke nyumbani?

Zuhura: Saa tatu kamili tuwe Cascorro. Najua mtakuwa na uchovu wa safari, lakini saa moja na nusu ya mwanzo ndiyo tamu. Njia ina nafasi, na muuzaji bado ana hamu ya kuzungumza. Ikigonga saa tano ni bega kwa bega, hata kuinama uchague soksi huwezi. Na hapo ndipo vibaka wanapoingia kazini. Mkoba mbele ya kifua, simu isikae mfuko wa nyuma, pasi zote tunaziacha nyumbani tunabeba nakala. Chukueni noti ndogondogo, za euro tano na kumi. Kadi wengine wanapokea, ila kwenye meza za vitu vya kale pesa taslimu ndiyo inayofungua mazungumzo.

Hamisi: Mtu akipotea?

Zuhura: Pale Cascorro katikati kuna sanamu ya askari wa vita vya Cuba, Eloy Gonzalo. Kabeba bunduki begani, mwenge mkono mmoja, na dumu la mafuta kwapani. Ametulia pale tangu 1902. Anayepotea anarudi kwa askari wa dumu, anasimama hapo, haondoki.

Mwanaidi: Twaha amesikia. Askari wa dumu.

Mama: Bei je? Wanapatana au ndiyo unalipa kama dukani?

Zuhura: Inategemea meza Mama. Nguo mpya na soksi zina bei iliyoandikwa, ukikomaa sana muuzaji anakunja uso. Vitu vya kale na mitumba mnazungumza, ila kwa upole. Huwezi kuanzia robo ya bei kama Kariakoo, mtu ataona umemdharau. Ukichukua viwili vitatu pamoja ndipo anapunguza.

Mama: Hiyo sawa. Mteja wa jumla popote anapunguziwa. Na kule juu nasikia kuna ngozi?

Zuhura: Maduka ya ngozi yapo Ribera de Curtidores yenyewe, mtaa huo zamani ulikuwa wa watu wanaolainisha ngozi, na mpaka leo makoti na mikoba ipo. Jambo la kuangalia: vitu vingi huku bitana yake ni ngozi ya nguruwe. Usione haya kuuliza kabla hujashika pochi. Ukiambiwa vacuno ni ng'ombe, cordero ni kondoo, cerdo acha mezani. Nitakuwa nawe, nitauliza mimi.

Mama: Mkinunua koti la ngozi la mtumba mje kwangu kwanza. Msitazame mgongo, mgongo kila muuzaji anaupiga rangi. Lipindueni nje ndani. Tazameni kwapani na chini ya kola, hapo ndipo jasho linapokula ngozi, ukikunja inapasuka. Zipu ipandisheni na kuishusha, siyo mara moja. Nuseni. Harufu ya ukungu haitoki hata ulianike mwezi mzima.

Mwanaidi: Mama, haya yote miaka tumekaa hukutuambia 😀

Mama: Hamkuniuliza mwanangu. Wengi mnataka nguo, hamtaki kujua nguo.

Mjomba Athumani: Na chakula? Mimi nimesikia Wahispania ni nguruwe asubuhi mpaka usiku.

Zuhura: Ukijua pa kwenda hupati shida Mjomba. Plaza Mayor wana mkate wa ngisi wa kukaanga, bocadillo de calamares, lakini mafuta huwa wanakaangia na vingine, kwa hiyo mimi sili mpaka niulize. Churro na chokoleti ya moto nzito asubuhi hiyo sawa kwa wote. Chakula cha mchana twende Lavapiés, mtaa wa jirani. Wabangladeshi wana biriani halali, Wasenegali wana wali wa samaki ambao Mama atafikiri umepikwa Tanga.

Hamisi: Na swala?

Zuhura: Hapo mtashangaa. Juni huku Adhuhuri inaingia saa nane na robo mchana, Magharibi karibu saa nne usiku. Rastro inafungwa saa tisa, kwa hiyo tunamaliza, tunaswali, tunakula bila haraka. Ijumaa nawapeleka msikiti mkubwa wa M-30, ulio kando ya barabara kuu ya jina hilo, ule uliofunguliwa 1992. Mama kuna sehemu nzuri ya wanawake.

Twaha (simu ya mama): saa nne usiku bado kuna jua??

Zuhura: Bado kuna mwanga Twaha. Watoto wanacheza mpira uwanjani saa nne usiku na hakuna anayewafokea.

Mama: Zuhura, hao Wasenegali wanauza pia?

Zuhura: Wapo vijana wengi wa Afrika Magharibi wanaouza barabarani, hasa maeneo ya Sol. Wanatandika shuka chini, juu yake viatu na mikoba. Kila pembe ya shuka ina kamba, na kamba zote nne ziko mkononi mwa mwenye mali. Polisi akitokea anavuta mara moja, shuka inakuwa furushi, anatimua. Hawana vibali vya kuuza, na wengi hawana hata karatasi za kuishi. Mama, mara ya kwanza kuwaona niliwakumbuka machinga wa kwetu, nikakosa raha siku nzima.

Mama: Mimi nitasimama niwasalimie. Kununua au kutonunua ni jambo jingine, salamu haina kibali.

Hamisi: Salamu ruksa Mama. Kununua tuwe waangalifu, bidhaa nyingi ni za nembo za kuiga, tusije tukawaingiza matatani na sisi wenyewe.

Mjomba Athumani: Soko ni hilo moja tu? Dada hatatosheka.

Zuhura: Jumamosi kabla yake kuna Majadahonda, nje kidogo ya jiji. Kila Jumanne na Jumamosi. Unapanda Cercanías, treni ya vitongoji, kutoka kituo cha Príncipe Pío. Hilo si la watalii, ni la akina mama wa pale wanaonunua mashuka, nguo za ndani, zeituni za kupimwa, matunda. Juni ni msimu wa cheri, zile nyekundu iliyokolea, zinatoka bonde la Jerte. Na kuna utaratibu wake Mama: kwenye meza ya matunda huoni mstari. Ukifika unauliza nani wa mwisho, anainua mkono, basi wewe unajua zamu yako ni baada yake. Na matunda hushiki, anakuchagulia muuzaji.

Mama: Nisibonyeze hata kidogo?

Zuhura: Hata kidogo Mama. Unamwambia ni ya kula leo au kesho, anakuchagulia yanayofaa siku hiyo. Na kweli anachagua vizuri, kwa sababu wiki ijayo anataka urudi.

Mama: Huyo ni mfanyabiashara. Hilo nalo naliweka.

Hamisi: Jumamosi mimi na Twaha tulitaka Bernabéu, uwanja wa Real Madrid.

Mwanaidi: Nyie nendeni Bernabéu, sisi wanawake tunakwenda Majadahonda. Kila mtu na dini yake ya Jumamosi.

Mjomba Athumani: Mimi niko na akina mama. Mpira nitautazama kwenye televisheni.

Zuhura: Basi imekaa. Jumamosi Majadahonda na Bernabéu, Jumapili Rastro na Plaza Mayor, Jumatatu Toledo. Kuhusu Mjomba: Kaka, asubuhi ile wewe umpeleke Plaza Mayor, sisi tutangulie Cascorro, mtatukuta Vara del Rey. Mjomba sarafu zako zibebe kwenye mkoba wa mkononi, usiziweke kwenye begi la kupakia, na uwe na picha za kila moja pande zote mbili ili wakikuuliza uwanja wa ndege uoneshe kuwa umetoka nazo nyumbani.

Mjomba Athumani: Hilo sikuliwaza. Picha nitapiga kesho mchana kukiwa na mwanga.

Zuhura: Na viza msizembee. Barua ya mwaliko nimeshaomba polisi huku, ikitoka nawatumia ile karatasi yenyewe. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 kwenda juu, ubalozi hawapokei pungufu. Wote mwombe pamoja.

Mama: Swali langu la mwisho. Narudi na kilo ngapi?

Zuhura: Inategemea tiketi Mama. Kaka, ukikata tafuta yenye mabegi mawili kwa kila mtu, hata ikizidi bei kidogo.

Hamisi: Sawa. Nakata Jumanne asubuhi. Nitumieni picha za pasi leo usiku, zile kurasa za mbele.

Mama: La kwangu moja lije tupu kabisa. Msinijazie unga na dagaa za Zuhura humo.

Zuhura: Dagaa zangu ziko kwenye begi la Kaka Mama 🙏

Hamisi: Kilo tano mwisho.