Naomba ushauri: sukari kwenye kidonda cha upasuaji kilichooza

Ndugu wanakikundi, hasa wauguzi na madaktari, shikamooni kwa mnaostahili.

Mama yangu, mwenye umri wa miaka 61 na mgonjwa wa kisukari, alifanyiwa upasuaji wa tumbo siku 16 zilizopita, na sehemu ya mshono imefumuka na kutoa usaha. Amepewa antibayotiki, na kidonda kinasafishwa kwa maji ya chumvi kila siku, lakini usaha haujakauka na harufu, kusema kweli, inamnyima raha kuliko maumivu yenyewe.

Nimesoma kwamba sukari nyeupe ikijazwa kidondani hufyonza majimaji, hivyo bakteria hukosa maji ya kuzaliana, na kwamba muuguzi Moses Murandu, mzaliwa wa Zimbabwe, ameitafiti nchini Uingereza. Sijaigusa bado, kwani daktari wake tutamwona keshokutwa.

Je, kwa mwenye kisukari, sukari inayowekwa kidondani yaweza kupandisha sukari ya damu? Na kwa kidonda chenye shimo ambalo mwisho wake hatuuoni, inafaa kuijaza, au lazima kwanza daktari apime kina chake?