Albamu fupi ya Duke Ellington: ninunue hii au nitafute nyingine?

Mwana wa Dansi: Habari zenu wakuu. Nimekulia kwenye muziki wa dansi, na tarumbeta hunigusa kuliko gitaa. Sasa nataka kumjua Duke Ellington, yule mtunzi na kiongozi wa bendi ya jazz wa Marekani. Nimeona CD ya mkusanyiko, nyimbo nane tu, haifiki nusu saa. Zimo "Mood Indigo", "Caravan" na "Take the 'A' Train", ila jalada halitaji mwaka wala wapigaji. Na bei imechangamka. Nishaurini.

Mzee wa Santuri: Ufupi usikutishe, mkuu. Zama hizo upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba kama dakika tatu, na Ellington alijua kuzitumia. Sikiliza "Ko-Ko" ya 1940, hakuna noti ya kujazia. Kinachonitia wasiwasi ni huo mwaka. Nyimbo zake alizirekodi tena na tena, kila mara na watu wengine. "Mood Indigo" ya 1930 ni dakika tatu. Ile ya Desemba 1950 inazidi 15! Mwombe muuzaji tarehe za kurekodi kabla hujatoa hela.

Bi Klarineti: Naunga mkono. Ukiipata ya 1930, sikiliza mwanzo tu. Tarumbeta na tromboni zimezibwa midomo ili sauti ififie, zinaimba juu pamoja, halafu klarineti iko chini kabisa. Kwa kawaida klarineti ndiyo ingekaa juu. Mimi hurudia hapo kila mara. Ila wapigaji lazima watajwe jamani: "Caravan" msingi wake ni wa Juan Tizol, mpiga tromboni wa Ellington, na "'A' Train" ni ya Billy Strayhorn.

Besi Nene: Achana na mkusanyiko, chukua rekodi ya Ellington kwenye tamasha la jazz la Newport, Marekani, 1956. Paul Gonsalves anapiga saksafoni peke yake akirudia mzunguko wa wimbo mara 27, watu wanapagawa.

Mzee wa Santuri: Tamu sana, ila kwa kuanzia hapana. Hapo utamjua Gonsalves kabla ya mtunzi. Hela ikiruhusu, chukua mkusanyiko wa "Never No Lament": bendi ya Ellington ya 1940 hadi 1942, Jimmy Blanton kwenye besi, Ben Webster kwenye saksafoni.

Mwana wa Dansi: Asanteni sana. Muuzaji kajibu kwamba "'A' Train" ni ya Februari 1941, nyingine hajui.

Bi Klarineti: Hiyo ndiyo yenyewe, tarumbeta ni Ray Nance. Mbane bei, uichukue.